Mshauri Asiyeonja Paklava

Jumatatu, 8 Julai

Nimempoteza mke wangu Araksi Jumamosi ya tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi, pamoja na sufuria kubwa ya dolma, wali na nyama vilivyofungwa kwa majani ya mzabibu. Amehamia kwa dada yake, kule mji wa Clovis. Sababu? Mti. Naam, mti! Ule mzabibu wa marehemu baba yake nyuma ya nyumba, nimeung'oa kupisha bwawa la maonyesho. Mimi ni mchimba mabwawa ya kuogelea. Nilianza na koleo moja, leo nina magari matatu. Mteja wa hapa Fresno hanunui bwawa asiloliona, hasa Julai hii inayokaanga mayai juu ya boneti. Mzabibu ulitupa kivuli cha mita nne na majani ya kufungia dolma. Bwawa litaleta wateja tisa kwa msimu. Hesabu ya darasa la tatu.

Araksi alitoka sokoni akakuta shimo. Hakupiga kelele. Alichukua sufuria.

Simu zangu hapokei. Mahali pekee atakaponisemesha ni kwa mshauri wa ndoa, Bi. Colleen Haugen, kila Alhamisi saa kumi alasiri. Sharti lake. Nimekubali. Mtu mwerevu hujua refa anapenda nini kabla filimbi haijalia.

Alhamisi, 11 Julai

Kikao cha kwanza. Bi. Haugen alianza kwa kutusomea masharti kama rubani kabla ndege haijaruka. Yanayosemwa humu hayatoki, isipokuwa kuna mtoto au mzee anayedhulumiwa, au mtu anatishia kujidhuru au kumdhuru mwenzake. Mteja wake si mimi wala si Araksi. Mteja ni ndoa yetu. Nikauliza hiyo ndoa italipaje, maana kadi iliyopita mashineni ni yangu. Araksi akatazama dari.

Bi. Haugen akaendelea. Hatunzi siri ya mmoja dhidi ya mwenzake. Ukimnong'oneza kitu pembeni atakileta mezani. Hachukui upande. Hapo nikatoa mfukoni barua niliyokwisha kuichapa, nafasi ya sahihi na muhuri imeachwa: Vahe Kurkjian yuko sahihi kuhusu mti. Akaisoma yote, nashukuru. Akanirudishia. Akasema wanaotoa hukumu wana jengo lao mjini, lina nguzo mbele, yeye si mmoja wao. Leseni yenyewe ya jimbo, ukutani, fremu ya dhahabu, na haiwezi kusema nani kakosa! Ya nini basi?

Kisha Araksi akasema kwa muda mrefu, habari za baba yake na mzabibu. Sikusikia yote, nilikuwa nahesabu. Bi. Haugen alimwitikia Araksi kwa kichwa mara kumi na moja. Mimi mara nne, na moja ya hizo nadhani alikuwa anafukuza nzi.

Upendeleo wa mchana kweupe.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepiga simu ofisini kwake kwa sauti ya mjomba wangu Nubar, nzito, yenye kikohozi. Nikauliza kama mama mmoja Araksi Kurkjian huwa anapiga simu huko kivyake kumsengenya mumewe. Bi. Haugen akajibu kwa upole kwamba hawezi kuthibitisha wala kukanusha kuwa mtu huyo ni mteja wake. Nikasema sawa, na mumewe je, yule bwana mwenye adabu, mwenye mabwawa? Huyo naye hawezi kuthibitisha wala kukanusha.

Nikasahau kikohozi. Nikamwambia mimi ndiye Vahe mwenyewe, jana nimekaa kwenye kochi lako saa nzima, umenipa maji! Akasema kwa simu hana njia ya kujua anaongea na nani. Kama yupo mtu ana jambo la kusema, huenda angelisema kwenye kikao chake.

Yaani nalipa, halafu sipo. Hata maji sikunywa.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa, ukumbini, nimekutana na Hagop, kaka yake Araksi. Daktari wa meno. Anatabasamu kama anakuonyesha bidhaa. Mbele za watu akaniuliza, "Shemeji, maji ya bwawa yana joto? Maana nasikia unaogelea peke yako." Ukumbi mzima ukacheka, na padri akiwemo.

Nikamwambia namshtaki huyo mshauri kwa bodi ya leseni. Hagop akataka kujua kosa lake. Nikamweleza: hatoi siri, hachukui upande, hatambui mteja kwenye simu. Akanishika bega. "Shemeji, unataka kumshtaki mtu kwa kufuata sheria. Nenda kamshtaki na polisi wa barabarani anayesimama taa nyekundu."

Dawa ya meno imempanda kichwani. Lakini nimepata wazo bora. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Sisi hatuendi hata kwa fundi viatu bila kisahani. Kosa langu ni hilo tu: nilikwenda bila kitu!

Alhamisi, 18 Julai

Paklava, kitamutamu chetu cha matabaka. Sinia zima, vipande sitini, lozi juu, siagi inang'aa. Niliiweka juu ya meza yake, ikabidi saa na boksi la tishu vihamie sakafuni.

Bi. Haugen akashukuru. Akasema kadi au ua angeweza kulifikiria, ila sinia hili lina uzito. Nikamwambia kilo nne na nusu. Akasema si uzito huo. Akaniuliza, ingekuwa na maana gani kwangu kama angeipokea. Nikajibu ingekuwa na maana kwamba amepokea paklava.

Araksi akacheka! Cheko la kweli, mkono mdomoni, kama zamani pale nilipotumbukia bwawa la askofu nikiwa na suti. Halafu akanitazama. Akasema polepole kwamba mjomba wake kule Fowler ana mzabibu uliotokana na kipande cha ule wa baba. Hataki fidia, hataki zawadi. Anataka niende mwenyewe, nikaombe kipande, nikipande kwa mikono yangu mbele yake, na niseme samahani. Akiona hivyo atarudi nyumbani.

Bi. Haugen akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia vizuri sana: tatizo ni majani.

Araksi akachukua mkoba wake.

Sinia nimerudi nalo. Vipande hamsini na tisa. Bi. Haugen hakugusa. Mwizi simjui, lakini Araksi alitoka na sukari kwenye kidole.

Jumamosi, 20 Julai

Mungu hamtupi mja wake! Bwana mmoja alipiga simu, bwawa lake limegeuka kijani kama supu ya dengu. Nimefika. Jina: Duane Haugen. Nikajisemea akina Haugen ni wengi. Nikaingia kuosha mikono, na kwenye picha ukutani nani? Bi. Colleen, kavaa joho la mahafali, anatabasamu jinsi asivyowahi kunitabasamia mimi.

Mtu mwingine angeondoka. Mtu mwingine bado ana koleo moja.

Nimesafisha mpaka chini unasoma gazeti. Duane akatoa pochi. Nikamwambia aweke, kiangazi chote ni bure, pampu mpya juu yangu. Jambo moja tu: amwambie mama mwenye nyumba kwamba Vahe anamsalimu, na kule kuitikia kwa kichwa kuwe kwa haki. Duane akajikuna sikio. Akasema sawa, kaka, atafikisha.

Mwanamume muungwana. Tumeelewana bila makaratasi.

Alhamisi, 25 Julai

Bi. Haugen hakukaa kwenye kiti chake cha kawaida. Alieleza yote mbele ya Araksi: bwawa, pampu, salamu. Mbele yake! Nikamkumbusha kwamba yanayosemwa hayatoki. Akasema sikuyasema humu, niliyasema bustanini kwake.

Akanipa hundi ya kazi yangu, bei kamili. Akasema mshauri hawezi kuwa mshauri wa mtu na papo hapo kuwa mteja wake wa bwawa, tena la bure, tena kwa masharti. Ameshauriana na mwenzake mzoefu. Hawezi tena kutuhudumia kwa haki. Ametupa majina matatu ya washauri wengine, na karatasi ya kuruhusu kumbukumbu zetu zihamie kwa mpya. Lazima tusaini wote wawili, la sivyo mpya ataanza sifuri.

Nikamwambia ni pampu tu! Akasema anajua ni pampu nzuri.

Araksi alisaini. Kisha akasimama mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda.

"Vahe," akasema, "hiki ndicho chumba pekee ulichokuwa hujakichimba."

Akaondoka. Mimi sijasaini. Nimesema nitafikiria. Mfanyabiashara haachi kitu chake cha mwisho bila kupata kitu.

Jumatatu, 29 Julai

Nimetafakari siku tatu. Nimetambua kosa lilipokuwa: nilianza na mume. Ningeanza na pampu, salamu baadaye.

Mshauri mpya nimeshamchagua kwenye yale majina matatu, Bw. Ostrander. Nimepita mbele ya ofisi yake. Kiyoyozi chake kinanguruma kama trekta, maskini. Namjua fundi.

La majani nimelimaliza kabisa. Fowler ni mbali, na mzabibu huchukua miaka mitatu kuzaa jani la maana. Nimeagiza majani ya kwenye chupa, chupa ishirini na nne, bei ya jumla. Yako gereji. Nani mwingine angemfanyia mkewe hivi?

Asubuhi, ukingoni mwa bwawa la maonyesho, kwenye ufa wa saruji, kimechomoza kitu. Chipukizi, majani matatu, laini kama sikio la mtoto. Ule mzizi mkaidi! Nimeking'oa. Mteja anakuja saa nne, asije akajikwaa.

Kisha nimemwandikia Araksi, na nakala naiweka hapa ili baadaye asiseme sikusema:

"Araksi. Majani yapo, ya kutosha miaka miwili. Karatasi ya Bi. Haugen nitaisaini siku utakayorudisha sufuria, wewe ukiwa umeishika. Sitaki 'tutaona', sitaki 'muulize mshauri'. Unarudi au hurudi? Nijibu ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ukinyamaza, nitahesabu ni ndiyo."