Wiki ya Kumzidi Pacha Wangu Umri

Jumatatu, 3 Machi
Baba kasema Ijumaa anakabidhi ufunguo wa duka la ushonaji. Wote tunajua atampa nani. Pacha wangu! Alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa chai kuchemka, basi mtaa mzima unamwita Mkubwa. Mimi Mdogo. Na mvi hizi zote!

Mchana kaja mwalimu wa fizikia kuchukua suruali yake. Kanipa habari tamu: ulimwengu hauna saa moja ya wote. Mambo mawili yanayotokea pamoja kwa aliyesimama, kwa anayepita mbio moja linaweza kutangulia. Nikamkumbatia. Suruali nikasahau kumpa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea shangazi, ndiye aliyetupokea tulipozaliwa. Nikamuuliza alikuwa amesimama au anatembea. Akasema kutembea wapi, alikuwa akikimbia huku na huku na beseni la maji moto. Akikimbia! Shahidi huyo! Nikamsihi amwambie baba kwamba kwa mwendo ule mimi ndiye niliyetangulia. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu kafuata suruali, kaniharibia kila kitu. Eti mfuatano hugeuka tu kwa mambo yaliyo mbali mno, hata mwanga hauwahi kufika kutoka moja hadi jingine. Nyie, kasema, mlikuwa tumbo moja. Mtu akimbie atakavyo, Mkubwa ni Mkubwa. Niliumia, sifichi.

Ila mlangoni akadokeza kuwa saa ya anayesafiri na ya aliyetulia haziendi sawa. Aa! Kumbe njia ipo.

Alhamisi, 6 Machi
Baiskeli kutwa nzima. Mkubwa kajikalia kwenye cherehani kama gunia, umri wake umelala. Wangu unapanda! Wateja waliniita nikipita, nikawapungia mkono. Miguu siisikii.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nikamuuliza mwalimu nimeongeza umri kiasi gani. Akacheka hadi akashika ukuta. Anayesafiri ndiye anayezeeka polepole! Nimejipunguza mwenyewe! Kidogo mno, hakipimiki, akasema. Lakini kupungua ni kupungua.

Jioni baba akampa Mkubwa ufunguo. Nikapiga kelele: uonevu, kisa kuzaliwa! Baba akashangaa. Akasema habari za nani katangulia hakuziwaza kabisa. Alikuwa tayari kutukabidhi duka sote wawili. Ila wiki hii kila akichungulia, kiti changu kitupu, na wateja wanamlilia yeye. Sote wawili!

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu nimelijua: baiskeli. Nimempa Mkubwa awapelekee wateja nguo zao, azunguke, abaki nyuma kiumri. Kakubali, hata hakuuliza. Mimi nimekaa kitini tangu asubuhi. Sisogei. Sindano siigusi, maana mkono nao ni mwendo. Wateja wamegonga kaunta, wamechoka, wameondoka.

Baba kapita. Kanitazama, katikisa kichwa, kaenda zake. Naona ameanza kuniheshimu.