Ndambuki Anaaga Jukwaa

Jumatatu, 4 Agosti

Juzi Jumamosi tulipiga muziki kwenye baa moja karibu na stendi ya Machakos. Watu kumi na mmoja. Nikatoa wahudumu wawili na mlinzi. Wanane! Mwenye baa akasema kwa upole kwamba Mwangangi akija, watu hukaa hadi kwenye ngazi.

Mwangangi! Alikuwa mpiga besi wangu. Mwaka wa 1991 alitoka Iveti Boys Band akaunda Iveti Boys Band Original. Original, na bendi niliianzisha mimi!

Leo nimesoma kwenye simu habari za wazee wa roki huko ng'ambo. Wazungu wa miaka themanini, magoti ya chuma, bado wanazunguka dunia na magitaa yao. Kuna mmoja amekuwa akiaga mashabiki tangu mjukuu wangu azaliwe, na mjukuu sasa ana ndevu. Kila akiaga, uwanja unajaa! Nimeshtuka. Miaka arobaini na tano nimekuwa nikiwakaribisha watu. Kumbe dawa ni kuwaaga.

Nimempigia Wambua, mpiga ngoma wetu. Ameuliza kama tutaacha kweli. Nimemwambia atumie akili. Hapa kwetu mgeni huaga sebuleni, akaaga tena mlangoni, akaaga tena getini, na saa nzima baadaye bado mnaongea. Kuaga si kuondoka.

Ziara itaanza Masinga, itapita Konza, itaishia Mitaboni. Mwangangi atajua mimi ni nani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetangaza redioni. Nikasema vidole vimechoka, wakati umefika. Mtangazaji akalia hewani! Nikashtuka hadi na mimi nikalia.

Jioni nimeambiwa kuna kikundi cha WhatsApp, "Kumstaafisha Mzee Ndambuki". Wanachama mia moja arobaini na saba. Mwenyekiti ni Mama Nzilani, yule aliyekuwa mwalimu mkuu, mwanamke asiyeanza jambo akaliacha njiani. Katibu ni Syombua, mke wangu. Mke wangu! Nimeomba niongezwe. Syombua amesema haiwezekani, wanajadili mambo yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Masinga. Uwanja umejaa! Watu wametoka hadi ng'ambo ya bwawa. Nikashika gitaa.

Wakakaa. Kamati ya Mama Nzilani ilikodi viti mia tatu! Na mtu wetu akiketi kwenye sherehe ya kuaga, anatarajia hotuba. Wakahutubu. Chifu mstaafu akahutubu. Mvuvi mmoja aliyecheza wimbo wangu kwenye harusi yake akahutubu kuhusu harusi, kisha mkewe akasimama kusahihisha. Saa nne za hotuba. Nimepiga wimbo mmoja na nusu. Ile nusu ilikatizwa na maombi.

Kisha zawadi. Jembe. Fimbo. Blanketi. Sufuria ya uji. Hakuna aliyeleta hata waya wa gitaa. Zote ni zawadi za mtu asiyetoka nyumbani. Wambua amepewa dawa ya viungo na anaisifu sana.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji amenisimamisha mbele ya kanisa lote. Ameomba Mungu avipokee vidole vyangu katika mapumziko. Nikasema amina. Ungekuwa wewe ungesema nini? Basi amina yangu imechukuliwa kama kiapo! Nimepewa kazi ya kutunza mizinga ya nyuki ya kanisa. Syombua alilia kwa furaha. Sijamwona akifurahi hivyo tangu tuwekewe maji.

Jumatano, 13 Agosti

Konza. Hotuba hadi jua likazama. Sikupiga hata wimbo mmoja. Nimepewa blanketi la pili.

Alhamisi, 14 Agosti

Hali ni mbaya, lakini nina mpango. Festus, binamu ya Wambua, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine. Jumamosi, Mitaboni, nikifika mwisho ataruka juu apige kelele, "Usituache!" Watu watadakia. Nitaonekana kusita. Nitapangusa jicho. Kisha nitasema mashabiki wamenilazimisha. Nani atakataa?

Habari nyingine. Mgeni wa heshima ni Mwangangi. Asi! Nani alimwalika? Katibu, yaani mke wangu.

Jumamosi, 16 Agosti



Soko la Mitaboni lilijaa pomoni. Festus akaruka. "Usituache!" Sauti ilifika Kathiani, naapa. Hakuna aliyedakia. Kisha mama mmoja muuza ndizi akamgeukia akamwambia, "Wewe, kwani huna huruma? Wacha mzee apumzike!" Watu wakapiga makofi. Wakampigia mama makofi! Festus akajaribu mara ya pili, akakalishwa kwa nguvu.

Mama Nzilani akachukua maikrofoni. Akasema dereva akistaafu anakabidhi funguo za gari. Mwalimu mkuu akistaafu anakabidhi kengele. Yeye mwenyewe alikabidhi. Kwa hivyo mzee Ndambuki atakabidhi gitaa.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akamwita Mwangangi.

Mwangangi akapanda jukwaani akilia. Machozi ya kweli, kwa sababu nayajua ya uongo. Akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Ndambuki, umeniacha peke yangu." Ana miaka sitini na tisa! Amenizidi miaka miwili! Mbona hawamstaafishi yeye? Watu wote walikuwa wanatazama. Ningefanya nini? Nikakabidhi.

Akapiga wimbo wangu, kwa gitaa langu. Akaupiga vizuri. Na wale watu wa viti, wale wa hotuba, wakasimama wakacheza hadi vumbi likapanda. Soko zima lilicheza. Mimi peke yangu nilikaa, nimevishwa maua shingoni, magotini blanketi la Masinga, na chini yake vidole vyangu vilikuwa vinapiga ule wimbo. Niliumia. Sijawahi kuumia hivyo, hata 1991.

Mwishoni kamati ikaniletea zawadi kubwa. Ng'ombe wa maziwa, mwenye mimba.

Jumatatu, 18 Agosti

Syombua amempa ng'ombe jina. Anaitwa Pensheni.

Asubuhi ameniomba, kwa kuwa mambo yameisha, nimwambie ukweli. Miaka yote ile nilikuwa nazunguka kwa ajili ya pesa au mapenzi ya muziki? Nimesema pesa, bila shaka, mimi ni mtu mzima. Amecheka hadi akashika ukuta. Amesema muziki haujawahi kununua hata kuku katika boma hili, na sasa nimenyamaza siku moja tu nimepata ng'ombe.

Nimeenda kuwatazama nyuki. Nimetafakari. Ni kweli! Nimelipwa zaidi kwa kuacha kuliko kwa kupiga. Kama ni pesa nilitafuta, basi nimefaulu. Nimeshtuka sana. Mbona basi nataka kulia?

Ijumaa, 22 Agosti

Syombua ameenda Machakos kwenye mkutano wa kina mama. Nimefungua zizi, nimemswaga Pensheni hadi kwa Mwangangi. Saa mbili kwa miguu. Nimemwambia: ng'ombe kwa gitaa.

Mwangangi alinitazama, akamtazama Pensheni, akaniuliza kama ninaumwa. Kisha akasema hata yeye angefanya hivyo. Akaleta gitaa, tena limefungwa waya mpya. Tukakaa kwenye ngazi zake tukapiga nyimbo saba, yeye besi, mimi gitaa. Hakuna aliyesikiliza isipokuwa Pensheni. Siku nzuri! Ningetoa ng'ombe mwingine kama ningekuwa naye.

Jumamosi, 23 Agosti

Syombua amekwenda kukamua, ingawa ng'ombe hajazaa. Anapenda tu kujaribu. Amekuta zizi tupu.

Nilimwambia Pensheni amestaafu. Hakucheka. Akaona gitaa ukutani. Akakaa kitako kwenye jiwe. Kisha akaniuliza tena, pesa au mapenzi? Nikamwambia ukweli. Akasema sawa, mtu wa mapenzi hahitaji kitanda. Zizi liko wazi.

Jumatano, 27 Agosti

Usiku wa nne zizini. Nyasi si mbaya, na mablanketi ninayo mawili.

Nimekuwa na muda wa kufikiri, na kosa letu nimeligundua. Viti! Mtu ukimpa kiti anakupa hotuba. Wale wazee wa ng'ambo, mashabiki wao husimama. Kila kitu kingine kwenye mpango kilikuwa sawa kabisa.

Wambua amekuja kunisalimia, amekaa nje ya uzio. Nimemwambia akachapishe mabango, Ndambuki Anaaga, Mitaboni, tarehe sita Septemba. Ameshtuka. Ameuliza nitawezaje kuaga watu ambao nimeshawaaga.

Nimemwambia mara ile tuliwaaga wakiwa wamekaa.