Mara Sitini na Moja za Seneta Strake

Gazeti letu la Kurrabin lilitoka na habari ukurasa wa mbele: Seneta Wendell Strake, mtoto wa hapa hapa, amechangia mijadala ya kitaifa mara sitini na moja mwaka huu. Spana aliisoma kwa sauti kwenye benchi letu nje ya duka la mikate, halafu akalikunja gazeti na kulipiga gotini kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa seneta.

"Sitini na moja! Mnasikia? Halafu kuna watu walinicheka eti nimempigia kura bubu."

"Mmojawapo mimi," alisema Kamusi, "na kucheka bado sijamaliza."

Kamusi alifundisha shule ya hapa miaka thelathini, na tangu astaafu ugonjwa wake ni kumbukumbu rasmi za Bunge. Anazichapa maktaba, anakuja nazo kwapani. Spana ni fundi magari. Alicheza na Strake utotoni, namba yake anayo kwenye simu, na hakuna mtu wa Kurrabin ambaye hajaambiwa hivyo. Mimi wananiita Kofia. Kazi yangu pale ni kula pai.

"Haya, tuanze na maji," Kamusi akavaa miwani. "Mjadala wa mito kukauka. Seneta Strake kasimama. Nanukuu: 'Nafuta kauli.' Kakaa."

"Endelea basi."

"Ndiyo imeisha hiyo. Nyambizi za jeshi: 'Nafuta kauli, Mheshimiwa Mwenyekiti.' Kakaa. Uhaba wa nyumba: 'Nafuta.' Hapo naona alikuwa na haraka."

"Na mabenki?" nikauliza.

"Mabenki kachangia mara mbili. Kwanza kafuta kauli. Mwenyekiti akamwambia ameifuta kwa kebehi. Akasimama tena, akaifuta kwa adabu."

"Si unaona!" Spana akaruka. "Wengine hata hiyo moja hawana!"

"Sasa hiyo kauli aliyoifuta ilisemaje?" nikamuuliza Kamusi.

"Haimo. Ukipayuka umekaa, hawaandiki. Wanaandika ukisimama."

"Kwa hiyo kafuta kitu ambacho hakijaandikwa?"

"Mara sitini na moja, Kofia."

"Ya nyambizi mimi naijua," Spana akashusha sauti. "Alimwita waziri nguva aliyevaa tai. Kaniambia mwenyewe."

"Loo! Adui akiisikia hiyo, anageuza meli," Kamusi akacheka.

Tamsin akatoka na vikombe vyetu, tumbo likitangulia. Duka la mikate ni lake, na miezi minane ya ujauzito akisimama mbele ya tanuri ilikuwa imemvimbisha miguu hadi anavaa ndara za mumewe. Wodi ya wazazi ya Kurrabin inafungwa mwisho wa mwezi, yeye siku zake zinatimia wiki moja baadaye. Wodi nyingine iko kilomita mia mbili na kumi, njia ya malori yenye matela matatu matatu, na kangaruu wanaovuka bila kutazama.

"Wazee wangu, ni saa tano," alisema. "Hiyo simu iwasheni."

Kicheko kikakatika. Siku hiyo Seneti ilikuwa inapigia kura pesa za kuzibakiza wodi za miji midogo. Kamusi alishapiga hesabu wiki nzima, chama kwa chama: kura zimekaribiana mno, na ya Strake ndiyo itakayoamua.

Spana akaiegemeza simu kwenye chupa ya sosi. Mara tukamwona Strake kasimama, na kwa mara ya kwanza ana karatasi mkononi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Kurrabin mama anajifungua kwenye kiti cha nyuma! Mkunga wake ni shemeji yake, na shemeji mwenyewe ndiye anayeendesha!"

"Wacha weee!" nikapiga kelele. "Huyu ni Strake kweli?"

"Kuna mtoto kazaliwa kwenye kituo cha mafuta, wamempa jina la pampu!"

"Hilo kalitunga," alisema Kamusi, lakini macho yalikuwa yamemlowa.

Tamsin alikaa kwenye kreti la maziwa, kiganja juu ya tumbo. Hata mimi pai ilinipoa mkononi, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Na Waziri wa Afya," Strake akafoka, "ni kuku wa plastiki!"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akagonga meza. "Seneta Strake, futa kauli hiyo."

Strake akaangalia chini.

"Usifute!" Spana alikuwa keshasimama juu ya benchi. "Mara sitini na moja wamekufutisha, leo usifute!"

"Usifute, kaka!" nikaitikia.

"Afute," Tamsin akasema.

"Heshima ya Kurrabin hiyo, binti!"

"Nimesema afute! Afute akae, apige kura!"

Lakini Spana ameshainyakua simu na kuandika USIFUTE kwa herufi kubwa. Na Kamusi, mtu wa hesabu, mtu wa kumbukumbu rasmi, akamwambia, "Ongeza alama ya mshangao."

Kwenye picha tukamwona Strake akichungulia simu yake chini ya meza. Akatabasamu. Akanyoosha mgongo.

"Sifuti! Kuku wa plastiki, na hata plastiki ina faida!"

Tukakumbatiana. Spana alilia wazi wazi. Mwenyekiti alisema maneno marefu, wakapiga kura fupi ya kumtoa, na Strake akasindikizwa nje hadi kesho yake, akitupungia mkono mlangoni. Kengele za kura ya wodi zikalia. Maseneta wakagawanyika huku na huku, wakahesabiwa.

Thelathini na saba kwa thelathini na saba.

"Sare!" nikasema. "Si mbaya."

Kamusi alivua miwani taratibu. "Seneti kura zikilingana, hoja imekufa."

Hapo simu ikaita, Strake mwenyewe, na Spana kwa kiwewe akabonyeza sauti ikasikika mpaka barabarani. "Mmeniona wanangu? Sikufuta! Nimeusoma ujumbe wenu nikapata nguvu!"

Tamsin aliichukua simu mkononi mwa Spana. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Seneta, shikamoo. Mimi Tamsin wa mikate. Una gari la serikali?"

"Ninalo, dada."

"Lijaze mafuta. Tarehe saba mwezi ujao ulale hapa Kurrabin, na uje na mataulo. Utanipeleka wewe." Akakata, akatugeukia. "Na nyinyi watatu mtapanda nyuma. Mmeweza kumwambia seneta asifute, akasikia. Basi na mtoto mtamwambia asitoke mpaka tufike."

Akaingia ndani, akafunga dirisha la kuuzia.

Kamusi alikusanya karatasi zake, akanong'ona kwamba maktaba kuna kitabu cha ukunga, akaondoka mbio kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Mimi nilikwenda nyumbani kutafuta taulo safi. Spana alikuwa amelala chini ya gari lake, anakagua matairi, akimwambia kila anayepita kwamba gari la serikali si la kuamini.