Lita 757 kwa Dakika

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimepewa kazi. Pampu mpya ya kikundi chetu cha mpunga hapa Kihurio ina kibati: galoni 200 kwa dakika, imetengenezwa Uingereza. Bi Koleta, mwenyekiti, anataka lita, kwa sababu kila shamba limepangiwa lita laki tatu na zamu tunazipima kwa saa. Mwalimu Zephania, mstaafu, alinyoosha mkono kwanza. Nikawahi kusema nina simu. Nikapewa mimi. Mwalimu alinuna hadi kikao kikaisha. Siku njema.

Jumanne, 8 Oktoba
Kumbe galoni ziko mbili! Ya Uingereza ni lita nne na nusu na kidogo. Ya Marekani haifiki nne. Kwa kibati chetu, pampu inatoa lita 909 kwa dakika, zamu saa tano na nusu. Kwa galoni ya Marekani ni 757, zamu saa sita na dakika thelathini na sita. Pampu ileile, kasi ileile, ila mwenye zamu anakaa na maji saa nzima zaidi. Shamba letu liko mdomoni mwa mfereji, la kwanza kabisa. Nimeandika 757 kwa kalamu nyekundu.

Mke wangu Mwanaidi ana wasiwasi. Mpunga wake unatoa mashuke na udongo umeanza kupasuka. Ni mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, hakuna mwingine mwenye nayo, na msimu huu aliimwaga yote shambani. Nimemwambia atulie, ana mume.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kikao. Mwalimu Zephania aliuliza ni galoni ipi. Nikajibu galoni ni galoni, kama ana shaka akakiapishe kibati. Watu wakacheka. 757 ikapita.

Kisha Bi Koleta akasoma orodha. Msimu uliopita zamu ilianzia mdomoni, kwa hiyo huu inaanzia mkiani. Ndiyo desturi yetu tangu enzi za babu. Nilisahau kabisa. Mwalimu wa kwanza. Mimi wa sita.

Kibali cha kuvuta maji mtoni ni siku tatu, saa kumi na moja kwa siku. Nimehesabu mara nne. Kwa hesabu ya kweli saa zingetutosha wote sita. Kwa yangu, wale watano wa mbele wanamaliza saa zote thelathini na tatu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Baada ya swala nilikwenda kwa Bi Koleta kukiri. Nikamkuta Mwalimu Zephania kwenye kiti, anakunywa chai. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kama kuna tatizo la hesabu. Nikasema hakuna, nimekuja kuazima jembe. Nikapewa jembe. Nyumbani ninayo mawili.

Jumatatu, 14 Oktoba
Pampu imezimwa saa kumi na moja jioni. Kwa Mwalimu maji yalifurika hadi njiani, bata wakaogelea. Kwetu halikufika tone. Mwanaidi alisimama kwenye mfereji tangu asubuhi, ameshika jembe la Bi Koleta, tayari kufungulia. Niliona aibu, nikapita njia ya nyuma.

Jumamosi, 26 Oktoba
Mpunga umekufa. Mwanaidi ameukata, amewapa mbuzi. Kwanza alikaa chini akitafuta punje za kuhifadhi kama mbegu. Akapata kiganja kimoja. Akapuliza, zikaruka zote, mapepe matupu. Alilia kimyakimya, na mimi nilishindwa kumsogelea.

Akaniuliza kama ni kweli galoni ziko mbili. Nikasema mambo ya hesabu ni magumu kuelezea. Amefunga nguo zake, amekwenda kwa dada yake Same. Jembe la Bi Koleta amelirudisha akiwa njiani.

Nyumba ni kimya. Nimetafakari sana nilikosea wapi, na nimepaona. Msimu ujao zamu inaanzia mdomoni. Wa kwanza ni mimi. 757 isiguswe.

Mbegu nitamwomba Mwalimu Zephania.