Bata Wanane wa Kadzo

Jumatatu, 4 Machi 1996
Bata wangu wametimiza miezi minane leo. Wanane, majike watano, wakubwa kama mito ya kochi! Baba yao ni dume la Ubaid, lile lenye uso mwekundu wa vinundu. Mama yao ni jike langu jeupe. Mayai: hakuna. Ubaid, muuza vinyago wa mtaa wa Ndia Kuu, amepita akasema alinionya, wale wawili si wa aina moja. Nikamwuliza, yule si bata? Na huyu si bata? Akaenda zake. Nimemshinda.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu mpya. Nimetia yai la kuku kiotani, wapate mfano. Jioni mke wangu Kadzo akaniandalia chapati kwa yai. Akanambia bata wametaga! Ameshawatangazia majirani wote. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jumatano, 6 Machi
Nikitoka kazini nikanunua yai jingine kwa mchuuzi pale kivukoni Feri, nikalitia kiotani upesi upesi. Kadzo akaligonga kwenye kikaango. Limechemshwa! Akaniuliza kama bata nao wamejifunza kuwasha jiko. Nikakiri yote. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Ijumaa, 8 Machi
Karisa, bwana mifugo, amekuja. Amesema jike langu lingepandwa na dume jeusi, au kibete, au lenye kishungi, wote hao ni aina moja na wajukuu wangepatikana. Lakini dume la Ubaid ni aina nyingine, hata kama sote twaliita bata. Watoto hupatikana, ila wao hawazai, wala majike hayatagi. Kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi. Pigo!

Ubaid alikuwepo. Akanitikisia kichwa tu. Afadhali angesema alinionya.

Nikamwambia Kadzo tuwachinje Jumapili, bata asiyetaga wa nini? Alikuwa akiwamiminia maji. Tumeoana miaka kumi na mmoja, na hatujajaliwa mtoto. Akaniuliza bila kugeuka, "Kwa hivyo asiyezaa ni wa kuchinjwa, Kenga?"

Mjinga mimi. Mjinga! Nikachukua ndoo nikaenda kumtekea maji mengine.

Jumapili, 10 Machi
Hakuna aliyechinjwa. Tumekula samaki. Kadzo amewapa majina wote wanane, nami nimeamriwa niyajue kwa moyo. Ubaid ameleta karai kubwa la kuwaogeshea, ati lilikuwa likimzibia njia dukani. Uongo mtupu, karai jipya! Tukakaa ukumbini mwa ua, watatu, tukiwatazama wakirusha maji. Kadzo akaniegemea begani, mbele ya mgeni! Sikujitikisa.

Jumatatu, 11 Machi
Mwenzangu kazini amenipa chungwa la ajabu, limeshuka melini. Tamu! Na ndani halina mbegu hata moja! Huu ndio mradi wenyewe. Nimemgawia Kadzo nusu, nikamweleza: tutaotesha miche mia ya machungwa haya haya, yasiyo na mbegu. Kesho naanza kutafuta mbegu zake.

Kadzo amecheka hadi akakaa chini. Sijui kilichomchekesha.