Kibali cha Kushuka

Kwa wananchi wote, wa rika zote na uzito wote: kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hakuna mtu atakayeruka juu bila kibali cha kupaa, wala atakayerudi chini bila kibali cha kushuka. Serikali imeona. Serikali imejali. Serikali haitapumzika mpaka kila mruko uwe na faili lake.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye mbao za matangazo, na nyuma ya mlango wa choo cha Idara ya Kupaa na Kushuka, ambako lilisomwa kwa makini kuliko kwingine kote. Idara ilikuwa na watumishi kumi na wanne, orofa nzima ya tatu, mhuri wa duara na mhuri wa mraba. Sensa iliyochukua miezi mitano ilikuwa imebaini kwamba eneo lote lina trampolini moja.

"Mnaona?" Mkurugenzi aliwaambia watumishi wake, uso umemchangamka. "Tumeliwahi kabla halijawa janga."

Aliyeyaanzisha yote haya, bila kukusudia, alikuwa kijana aliyeajiriwa kwa majaribio. Ofisini walimwita Msomi, kwa sababu alikuwa na shahada na bado alikuwa na tabia ya kusoma barua mpaka mwisho. Dada yake mdogo, mji mwingine, aliwahi kuvunjika mkono kwa kutua kwenye springi za trampolini zilizoachwa wazi, na mlio ule haukumtoka Msomi masikioni. Basi alipopata kazi, jambo la kwanza alilofanya ni kuandika kurasa mbili za ushauri. Trampolini iwekwe mahali tambarare, mbali na ukuta. Springi zikaguliwe kila wiki na zifunikwe kwa sponji. Wavu ufungwe, viatu vivuliwe, aruke mmoja mmoja, na mtu mzima asimame chini akiangalia. Akazipeleka kwa wakubwa, akarudi mezani kwake anapiga mluzi.

Zilirudi zikiwa kurasa tisini na sita. Springi zilikuwa zimeondolewa zote, kwa kuwa haikujulikana ni za wizara gani. Neno "mtoto" lilikuwa limekuwa "mpaaji." Na ile sentensi ya mtu mzima kusimama chini ilikuwa imelishwa ikanenepa, ikawa Kifungu cha 41: "Mpaaji hatashuka mpaka Afisa wa Kushuka, akiwa amesimama ardhini kwa miguu yote miwili, papo hapo penye kifaa, atie sahihi." Msomi alikisoma mara tatu. Ndani yake, kwa mbali, aliisikia sauti yake mwenyewe, akafarijika. La msingi limebaki, alijiambia.

Kasoro ilikuwa ndogo tu. Afisa wa Kushuka alikuwa amestaafu, cheo chake anakikaimu Mkurugenzi, na Mkurugenzi hakuwa mtu wa kusimama ardhini.

Trampolini yenyewe ilikuwa kwenye ua wa nyuma wa fundi nguo mmoja aliyejulikana kwa jina la Mama Cherehani. Msomi alifika Jumanne ya wiki ya tatu ya sheria, jalada kwapani.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita kushoto. Ukipita kulia utakanyaga pini."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa serikali? Mbona umekonda hivyo?"

Cherehani ilikuwa chini ya kibaraza, na trampolini mbele yake, hatua sita. Mteja aliyehama mji alimwachia ikiwa mifupa mitupu. Yeye akaishona. Msomi alipiga magoti akachungulia chini: kila springi ilikuwa mahali pake, haina kutu, imepakwa mafuta ya cherehani. Sponji ya pembeni ilivalishwa kitambaa cha koti la mvua, mshono maradufu. Miguu ilifungwa kamba kwenye vigingi ili upepo usije ukaibeba. Kwa Msomi ilikuwa kama kuona ndoto yake imepigwa pasi.

"Na huu?" Alikuwa anaangalia waya uliopita juu ya mlango wa wavu.

"Hapo vinakaa vibanio vya nguo. Kila mtoto ana rangi yake. Anayeruka, kibanio chake kiko hapo. Kikiwepo kimoja, mwingine hapandi. Akishuka anakichukua, anamwita mwenzake. Mimi mguu uko kwenye cherehani, jicho liko kwao."

"Na mimi nahesabu," alisema mjukuu wake, binti wa miaka saba waliyempa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. "Ikifika hamsini anashuka. Hata akilia."

"Kuna aliyewahi kuumia?"

"Mmoja," alisema Mama Cherehani. "Aliumwa na siafu. Chini."

Ndipo Msomi alipogundua kwamba ua ulikuwa kimya. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kibaraza, mikono mapajani, kila mmoja na kibanio kifuani kama wajumbe wa mkutano usioanza.

"Mbona hawaruki?"

Mama Cherehani alivuta droo, akatoa karatasi. "Vibali vya kupaa, kumi na moja, hivi hapa. Vya kushuka naambiwa mwenye kusaini yuko kikaoni. Wiki ya tatu sasa. Nimpandishe mtoto wa watu halafu nimwambie nini, akae huko?" Akatoa karatasi nyingine. "Na hii inasema Ijumaa, saa kumi, mnakuja kuichukua."

Msomi aliisoma mpaka mwisho.

"Wazazi wao wako kazini mpaka jioni," alisema mama, sauti imeshuka. "Wanatoka shule, wanakuja hapa. Hii ikiondoka, watarudi barabarani kwenye magari. Mimi siwezi kuwafungia kama kuku."

"Nitaongea na wakubwa, mama. Nakuahidi."

Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kisichotosha gauni. "Ongea, mwanangu."

Aliongea. Mkurugenzi alimsikiliza dakika nzima.

"Yaani mimi nikasimame kwenye udongo? Na viatu hivi?" Halafu akapata wazo, akatabasamu. "Ijumaa nitakwenda mwenyewe, ila kukichukua kifaa. Mwite mpiga picha wa gazeti."

Ijumaa, saa tisa na nusu, lori liliegeshwa penye lango la nyuma. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, anayepakia kilichoandikwa na kuacha kisichoandikwa. Amri aliyopewa ilisema: "Kifaa, pamoja na vyote vitakavyokutwa ndani yake bila kibali cha kushuka." Mkurugenzi alikuwa ameitunga yeye, akihofia watoto wangeficha mpira.

Mpiga picha alizunguka ua, hakuridhika. "Mzee, kuchukua peke yake kutaonekana roho mbaya. Ungeruka kidogo kwanza? Ionekane unakielewa."

Mkurugenzi alilifikiria suala hilo kwa upana wake. Akajiandikia kibali cha kupaa juu ya boneti ya lori, akakigonga mhuri wa duara, akauendea mlango wa wavu.

"Vua viatu, baba," alisema Mama Cherehani.

"Mama, kanuni hizi nimeziandika mimi."

"Sawa. Lakini kitambaa hicho hakijazisoma."

Alipanda navyo. Mruko wa kwanza ulikuwa wa kiofisi, mfupi na wenye heshima zake. Wa pili ulimtoa kalamu mfukoni. Wa tatu tai ilimpiga usoni, na kitu kikamtoka kooni ambacho watumishi wake hawakuwa wamewahi kukisikia: kicheko. Alipaa, akapaa tena. Kitambi kilikuwa kinabaki nyuma, kisha kinamfuata. Kwenye ukingo wa kibaraza watoto walikuwa wanamtazama bila kupepesa, na Chiriku alihesabu kwa sauti ya haki bin haki.

"Arobaini na tisa. Hamsini! Shuka!"

Mkurugenzi, anahema, jasho linamtiririka, alisogeza mguu kuelekea ngazi.

"Mheshimiwa," alisema Msomi, "usishuke."

Ua mzima ulimgeukia. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa ameshika kurasa tisini na sita kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa wasiwasi wa kweli, kama wa ndugu.

"Unasemaje wewe?"

"Kifungu cha 41. Ni lazima Afisa wa Kushuka asaini kwanza."

"Afisa wa Kushuka ni mimi!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini anatakiwa awe ardhini. Wewe uko juu."

"Basi nashuka nasaini!"

"Ukishuka utakuwa umeshuka."

Mpiga picha alipiga picha moja, akaikagua, akapiga ya pili.

"Saa kumi hiyo," alisema Dereva. Alizima sigara, akachukua spana, akainama kwenye mguu wa kwanza wa trampolini.

"We! Unafanya nini?"

"Napakia."

"Mimi nimo humu!"

"Imeandikwa, mzee. Na vyote vitakavyokutwa ndani yake."

"Karatasi hiyo nimesaini mimi!"

Dereva aliitoa mfukoni, akaitazama. "Sahihi nzuri," alisema. "Inasomeka." Akaendelea kulegeza nati.

Trampolini iliinama upande. Mkurugenzi aliukumbatia wavu akaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Msomi! Tafuta kitu! Si umesoma?"

Msomi alipekua. "Kifungu cha 77! Mkurugenzi anaweza kumteua Afisa wa Kushuka popote, akiwa kwenye kimo chochote."

"Nimekuteua!"

"Mimi niko kwenye majaribio. Cha 78 kinakataza."

"Dereva!"

"Mimi ni wa Uchukuzi."

"Mpiga picha!"

"Mimi naripoti tu, mzee."

"Kinaruhusu mkazi wa mahali penye kifaa," alisema Msomi, akipandisha macho polepole kutoka kwenye karatasi. "Mtu mzima. Mwenye akili timamu."

Wote walimtazama Mama Cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

Kalamu nne za Mkurugenzi zilikuwa zimepotelea chini ya springi, kwa hiyo Chiriku alimpenyezea chaki ya kuchorea nguo, na uteuzi ukaandikwa nyuma ya ile amri ya Dereva. Mama Cherehani aliipokea, akaivaa miwani yake, akaisoma mpaka mwisho. Msomi alimpenda kwa hilo. Kisha akavua kandambili, akasimama kwenye udongo kwa miguu yote miwili.

"Baba, viatu."

Viatu vilishuka, kimoja kimoja. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu penye kidole gumba. Mama Cherehani aliliona kwa jicho la kazi.

"Haya, sasa nisainie," alisema Mkurugenzi.

"Utasainiwa. Lakini kuna foleni." Aliwaonyesha watoto. "Hawa wamengoja wiki tatu."

Alisaini vibali kumi na moja vya kushuka, bila haraka, kwa mwandiko mzuri, huku Dereva akikalia sanduku la spana na Mkurugenzi akikalia pale alipokuwa. Cha kumi na mbili kilikuwa chake. Chiriku alimbania kibanio chekundu kwenye tai, akamshika mkono kwenye ngazi.

"Angalia hatua ya mwisho," alimwambia. "Wengi wanajikwaa hapo."

Dereva alichungulia ndani ya wavu, akaona hamna kitu, na kila mpaaji ana kibali chake. Akakaza nati alizozilegeza, akaondoka na lori tupu. Kabla halijafika kona, kibanio cha kijani kilikuwa kwenye waya na mtoto yuko hewani.

Mambo yangeishia hapo, lakini Jumamosi gazeti lilitoa picha ya Mkurugenzi akiukumbatia wavu, na chini yake maneno: "Mkurugenzi aonyesha mfano: akataa kushuka bila kibali." Pongezi zilimiminika. Waziri alipiga simu. Baada ya hapo hakuwa na namna ya kuivunja sheria ile wala ya kuifuta.

Na Jumatatu, Msomi, ambaye sasa alikuwa anazisoma kurasa zote tisini na sita upya ili asipitwe na kitu, alifika kwenye Kifungu cha 2, cha tafsiri. "Kushuka: kitendo chochote cha mtu kutoka juu kwenda chini. Kifaa: chochote kinachomwezesha." Alikisoma tena. Akainua macho, akatazama orofa ya tatu ilivyo, na ngazi zake. Kisha, kwa moyo mweupe, akaenda kumtaarifu Mkurugenzi.

Saa kumi na nusu jioni watumishi kumi na wanne walikuwa wamejipanga juu ya ngazi za jengo, mikoba mikononi. Mama Cherehani alichelewa. Alikuwa na gauni la mteja. Alipofika, Chiriku nyuma yake na mfuko wa vibanio, alivua kandambili, akasimama chini ya ngazi, mahali penye udongo, karibu na sanduku la maua. Akazitikisa ngazi kwa mkono.

"Huu mhimili umelegea," alisema. "Mwenye spana nani?"

Ulikazwa. Halafu wakaanza kushuka, viatu mkononi, kibanio kifuani. Mkurugenzi alikuwa wa mwisho. Msomi, aliyetangulia, alimwona anakanyaga kipandio cha kwanza, na soksi yake ya kulia ilikuwa imetiwa kiraka, mshono maradufu.

"Taratibu, baba," alisema Mama Cherehani, jicho kwake. "Mmoja mmoja."

Chiriku akaanza kuhesabu.