Nishani za Duke Gerishon wa Kwanza

Jumatatu, 11 Agosti 2014
Lindo jipya hotelini, hapa West Bay, huku Uarabuni. Kabati la kioo, na ndani nishani moja kuukuu ya Ujerumani. Zamu nzima nasimamia medali! Nimesoma historia yake iliyobandikwa kwenye kioo mpaka imeniingia. Duke mmoja, cheo cha chini kidogo ya mfalme, aliianzisha kuwatuza mabingwa wa sanaa na sayansi. Wanamuziki na madaktari wakampenda kufa. Nami nataka kupendwa hivyo, maana Ijumaa kwaya yetu inachagua mwenyekiti. Mpinzani ni Augustine. Ana nini? Anaendesha gari la kampuni na kutushusha mlangoni. Hana lingine.

Jumatano, 13 Agosti
Nimekuwa Duke! Chokoleti za duara zenye karatasi ya kung'aa, utepe, pini. Dhahabu kwa Jebet, kiongozi wa sauti ya kwanza: Sanaa. Fedha kwa Wesley, fundi simu wa kempu nzima ya wafanyakazi tunakolala: Sayansi. Jebet aliniuliza kama nimepigwa na jua, lakini akaahidi kuivaa. Wesley amenuna. Kwa nini yeye fedha?

Alhamisi, 14 Agosti
Nimerudi kwenye kioo kutafuta ushauri. Kumbe mjukuu wa Duke aliwatunuku hata kinyozi wake na kila aliyemsifu. Mtu mwenye akili! Jioni nimegawa dhahabu kwa kwaya nzima. Sehemu ya mwisho, jinsi kiti cha enzi kilivyoanguka na nishani ikafa nacho, sikuimaliza. Msimamizi alikuwa anapita.

Ijumaa, 15 Agosti
Siku yetu ya kanisa, maana huku mapumziko ni Ijumaa. Majoho meupe, dhahabu kifuani. Nikawapanga nje tupige picha. Mwezi wa nane, jua la utosi! Kufika kwenye kura, kila kifua kina doa la kahawia linaloteremka. Jebet akapaza sauti: "Gerishon, kwani uko aje? Hii joho nimeazima kwa rafiki yangu Edith!" Augustine akaleta katoni ya tishu kutoka garini. Akachaguliwa papo hapo, mikono yote juu. Hata wangu. Nilikuwa naomba tishu.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeumia, sifichi. Nilikitaka sana kile cheo. Nimeamriwa kufua majoho yote. Jebet amepiga simu. Anasema wengi walikuwa wameshaamua kunichagua mimi tangu mwezi jana, kwa vile ndimi ninayewahi mazoezini kupanga viti. Nishani ndiyo iliyoniangusha.
Nimelitafakari neno hilo nikisuuza. Kweli tupu. Mweka hazina anachaguliwa Januari. Januari hapa kuna baridi, na chokoleti haiyeyuki.